Namna ya Kuacha Kuahirisha Kazi za Chuo
Mwanafunzi aliyepanga chumba Ngamiani, Tanga, mara nyingi haahirishi kazi kwa uvivu, bali kwa sababu kazi yenyewe inamtisha. Kwa hiyo ipunguze mpaka isitishe tena. Fungua daftari, nakili swali la mhadhiri juu kabisa ya ukurasa, kisha chini yake andika sentensi moja tu, hata ikiwa mbovu, kwa kuwa mkono ukishaanza kuandika, woga hupungua. Simu mwachie jirani. Tega saa ya mezani dakika 25, upumzike 5, utaratibu uliobuniwa na Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980. Joto la mchana likikushinda, anza alfajiri, kabla muuza kahawa hajapita akigonganisha vikombe vyake.