Jahazi linaloyumba kwa mota ya dividii mbovu

Juzi nilikaa na mpwa wangu barazani kwetu Kisauni tukaunda jahazi dogo la ubao linaloyumba kama limeshikwa na kusi. Anayetaka kuujua umeme mdogo na sanaa ya vitu vinavyocheza, aanze na hili.

Hatua ya 1. Chomoa dividii iliyokufa, ifungue. Bodi inayopokea umeme wa ukutani usiiguse, kapasita zake huweza kubaki na chaji. Toa mota ya trei, ile inayotoa na kurudisha kisahani cha diski, pamoja na mpira na gia zake. Mota tupu ya dukani siipendekezi: inakimbia mno na haina nguvu. Gia za trei zimekwisha kupunguza kasi na kuongeza nguvu.

Hatua ya 2. Unganisha betri mbili za AA, swichi na mota. Ikizunguka kinyume, geuza waya.

Hatua ya 3. Kagua viungo. Hapa niliwahi kupoteza mchana mzima. Mota ilikuwa inatetemeka tu, nami nikapima waya zake kwa mita ya umeme nikiwa nimeichomoa: volti 3 kamili. Nikailaumu mota, nikafungua nyingine mbili. Kumbe mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata kiungo kilicholiwa na kutu huipitishia volti zote. Pima mota ikiwa imeunganishwa na swichi imewashwa. Nilipofanya hivyo nilipata volti 1 tu. Mbili zilikuwa zinapotelea kwenye kiungo kimoja.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi au kijani, risasi ya kulehemu haishiki hata uichome vipi. Springi za betri zisugue kwa msasa. Ukilehemu, pasha moto waya wenyewe, risasi iyeyukie juu yake. Flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) ya asidi ya mafundi bomba usiitumie kabisa, inaendelea kula shaba. Tumia ya rojini, yaani utomvu wa msonobari. Kiungo kikipoa, kipake rangi ya kucha. Sasa pima tena.

Hatua ya 4. Kwenye gia ya mwisho gundisha waya mgumu uliokunjwa kama mkono wa cherehani. Mkono huo ndio utakaounganishwa na omo, yaani mbele ya jahazi. Ukikaa sentimita 1 kutoka katikati ya gia, omo itapanda na kushuka sentimita 2. Jahazi lishikwe kwa msumari katikati, lilale sawa kabla ya kuunganishwa. Likiinamia tezi, yaani nyuma, ongeza kipande cha risasi mbele.

Tanga tulilikata kwenye leso kuukuu. Turubai ni zito, huvuta mlingoti upande mmoja.