Risasi Ulizojaza Mwenyewe Zinayumba? Tafuta Hatua Inayozipinda

Wengi wakiona risasi inayumba kwenye kipimo hukimbilia kununua dai mpya (kifaa cha chuma cha kwenye presi ya kujazia) ya kuchomekea kichwa cha risasi. Mara nyingi ganda lilipinda mapema zaidi, lilipokuwa linabanwa ili lirudi kwenye ukubwa wake. Pima kila hatua, usingoje mwisho.

1. Laza ganda juu ya vishikizo viwili vya umbo la V, kimoja karibu na kitako, kingine nyuma kidogo ya bega. Ncha ya dayo geji (kipimo cha mshale cha tofauti ndogo) iguse shingo. Zungusha kwa kidole kimoja, taratibu, kitako kikiegemea kizuizi muda wote. Tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ndiyo kiasi cha kuyumba. Ukisoma milimita 0.10, shingo imetoka katikati kwa 0.05 tu.

2. Anza na maganda yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako, kabla hujayagusa. Chemba, yaani sehemu ya bunduki inayoshika risasi, huwa imeyanyoosha, kwa hiyo mengi husoma 0.025 au pungufu.

3. Yabane, upime tena. Hapa ndipo penye kesi. Namba ikiruka, toa lile tufe la kutanulia lililo kwenye ufito wa kung'olea fataki (kiwashio cha kwenye kitako), ubane maganda mengine bila hilo. Yakitoka yamenyooka, basi tufe ndilo linalovuta shingo upande wakati ganda linatoka kwenye dai. Paka grafiti kavu ndani ya shingo. Kisha legeza nati ya ufito, ingiza ganda mpaka tufe likae ndani ya shingo na kujitafutia katikati, ndipo ukaze. Mimi napendelea kuliacha kabisa na kutanua shingo kwa mandreli (ufito wa kuingizwa kwenye shingo), kwa sababu mandreli husukuma, haivuti. Yakiwa bado yamepinda hata bila tufe, dai inaibana shingo kupita kiasi. Ukiwa na dai ya bushi (pete ya kubadilisha inayobana shingo), weka bushi pana zaidi.

4. Lainisha mdomo wa ganda kwa ndani. Chomeka kichwa nusu, zungusha ganda nusu duara, malizia. Ncha ikibonyea, shina la dai, yaani sehemu inayosukuma kichwa, halilingani na kichwa hicho.

5. Pima risasi kamili kwenye kichwa, mbele kidogo ya mdomo wa ganda. Zilizo chini ya 0.075 naziweka kwa shabaha ya mbali, zinazobaki ni za mazoezi ya karibu. Vipo vifaa vya kusukuma kichwa kilichokwisha kuchomekwa ili kinyooke. Sivitumii, maana hulegeza shingo, na risasi zisizobana vichwa kwa nguvu sawa sizipeleki kwenye mashindano.