Darubini mpya imefika? Soma haya kabla hujakata gundi ya boksi

Najua ile hamu, boksi liko mlangoni na we unataka usiku huohuo uione Zohali na pete zake, lakini nakuomba sana usilifungue usiku na usilifungue ukiwa na haraka. Darubini nilizoshuhudia zikiumia mapema ziliumia ndani ya nyumba, saa ya kwanza, mwenyewe akiwa bado hajaiona hata nyota moja.

Kwa hiyo fungua mchana, na ufungulie chini, juu ya blanketi au zulia, ili skrubu ikidondoka uione palepale na lenzi ikiponyoka isikute sakafu tupu. Kama boksi limetoka sehemu ya baridi liache kwanza masaa mawili matatu hivyohivyo limefungwa, maana ukifungua ghafla kwenye joto kioo kinatoka jasho, na likishatokea hilo usifute, acha tu pakauke penyewe.

Kisu kipite juujuu kwenye gundi, usizamishe. Halafu kabla hujatoa kitu piga picha kila tabaka vile lilivyopangwa, picha hizo zitakusaidia siku ukihama au ukikuta kitu kimevunjika unataka kurudisha. Vitu vidogo hujificha kwenye matundu ya sponji, hasa lenzi za jicho, zile ndogo unazochungulia kwa jicho, mara nyingi zinakuja mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10, kwa hiyo hesabu vyote ukifuata kijitabu na usitupe boksi wala sponji mpaka umejiridhisha. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu weka mbali na watoto.

Sasa kioo, hapa ndo naomba utulie. Kama darubini yako ni ya kioo, yani inakusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi kubwa ya mbele, kile kinachong'aa ni utando wa aluminiamu ambao unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, yani kidole kimoja chenye jasho kinatosha kuacha alama, na ukijaribu kuifuta kwa tisheti ndo unakwaruza kabisa. Vumbi kidogo halipunguzi kitu kwenye picha, liache. Vifuniko vyote vibaki mahali pake muda wote unaofunga vitu, na bomba lishike lenyewe kwa mikono miwili au kwa pete zake, usilinyanyue kwa kushika sehemu ya kufokasia wala kile kidarubini cha kulengea, havikutengenezwa kubeba uzito. Nyuma ya kioo utakuta skrubu kadhaa unaweza kudhani zimelegea. Usizikaze! Hizo ndo zinaelekeza kioo, na kuzirekebisha ni kazi ya siku nyingine ukishajua unaangalia nini.

Stendi inaanza, bomba linakuja mwisho. Tanua miguu mitatu mpaka mwisho, kaza kufuli zake, funga kile kisahani cha katikati, isukume kidogo uone kama inayumba, afu weka kichwa chake, ile sehemu inayoshika bomba. Kama ni ile stendi yenye chuma cha uzito wa kusawazisha, uzito unatangulia na bomba linafuata, na kwenye kuvua unatoa bomba kwanza. Nilishamwona rafiki yangu anavua uzito bomba likiwa bado juu, upande mzito ukashuka kwa kishindo na kidarubini cha kulengea kikakatika, bahati hakikumkuta kichwani. Na ile skrubu ndogo kwenye ncha ya chuma usiiache, ndo inayozuia uzito usikudondokee mguuni.

Betri na waya hazina mengi, angalia tu volti zilizoandikwa kwenye darubini zilingane na za adapta.

Jua sasa, na hili waambie wote wa nyumbani kabla darubini haijasimama. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 100 inakusanya mwanga zaidi ya mara 200 ya jicho lililofunguka milimita 7, ukiielekeza kwenye jua jicho linaungua bila hata kusikia maumivu, kwa sababu retina haina neva za maumivu. Kidarubini cha kulengea nacho kinaunguza vilevile. Ukikuta kwenye boksi kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe, joto linaweza kukipasua ukiwa unachungulia. Kichujio salama hufungwa mbele kabisa ya bomba. Na darubini usiiache dirishani bila kifuniko.

Mchana huohuo, jua likiwa nyuma yako, weka lenzi ya milimita 25, lenga kitu cha mbali kama ncha ya mnara, kisha rekebisha kidarubini cha kulengea mpaka vyote viwili vionyeshe kitu kilekile. Picha ikiwa kichwa chini usishtuke, ndivyo inavyokuwa. Giza likiingia itoe darubini nje nusu saa mapema ipoe na hewa ya nje, halafu anza na Mwezi.