Kabla hujashika drili: bindingi inafungwa wapi kwenye skii

Ukutani kwenye karakana yangu hapa Mikindani, juu ya ndoo ya misumari, nimetundika skii mbili, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji. Kila anayeleta kiti cha kutengenezwa huziuliza. Mzee mmoja wa hapa jirani amezipigia hesabu kabisa: zikikatwa zitatoa mbavu za kitanda cha mtoto. Namwambia aziache, ndani zina bamba la aluminiamu, zitamlia meno ya msumeno bure. Mimi nazihifadhi kwa ajili ya yale matundu yake. Nitayafikia.

Mpwa wangu anaondoka Novemba kwenda Tirol, Austria. Amepata kazi ya msimu kwenye karakana ya duka la skii, kazi ileile niliyoifanya mimi misimu saba ya baridi. Theluji hajawahi kuiona hata mara moja. Juzi akapiga simu: "Shikamoo mjomba. Hivi ile bindingi inafungwa katikati?" Nikamwitikia marahaba, halafu nikamwambia swali hilo siwezi kulijibu kwa vocha aliyokuwa nayo. Ndiyo haya naandika, na vijana wengine mnaokwenda huko mtapata chenu.

Bindingi ni kile kifaa kinacholibana buti juu ya skii, kipande kimoja mbele ya vidole na kingine nyuma ya kisigino. Ukianguka vibaya kinaliachia buti, mguu upone. Hufungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye mwili wa skii wenyewe. Buti lina alama ndogo ubavuni mwa soli, katikati ya urefu wake. Skii nayo ina mstari, juu au ubavuni. Alama ya buti ikikaa sawasawa na mstari wa skii, umefunga pale alipokusudia aliyeitengeneza, na kwa wateja walio wengi unaishia hapo hapo.

Sasa sikiliza, mjomba, mstari huo si katikati ya skii. Pima kutoka ncha hadi mkia, gawa kwa mbili, utaona mstari uko nyuma. Skii za kukimbilia njia zilizosawazishwa kwa mashine, za mtindo wa zamani, mstari huwa nyuma ya katikati kwa sentimita 10 mpaka 12. Zile za kwenda popote mlimani mara nyingi ni 6 mpaka 9. Za vijana wa kuruka, zilizopinda mbele na nyuma, utakuta 4, 2, na nyingine karibu na katikati kabisa. Baadhi ya skii zimechorwa mistari mingi yenye namba za kujumlisha na kutoa, na hapo ndipo mteja anakuuliza wewe achague upi.

Kwa nini nyuma? Wewe umekulia kwenye hii ghuba, kwa hiyo unalijua jibu ila hujui kama unalijua. Ukiwa peke yako kwenye mtumbwi ukakaa mbele, omo inazama, inakunywa maji. Ukirudi nyuma, omo inainuka, mtumbwi unapanda juu ya wimbi, lakini kuugeuza inakuwa shughuli na upepo wa ubavuni unaanza kuichezea pua. Theluji mbichi iliyoanguka usiku, ile inayofika magotini, ina tabia hiyohiyo ya maji. Anayeipenda hiyo mfunge kwenye mstari, au nyuma yake sentimita 1. Akitaka kwenda nyuma zaidi ya hapo, mwambie akaazime skii pana zaidi. Skii nyembamba haigeuki kuwa pana kwa kusogeza skrubu.

Kijana wa kuruka ni kinyume chake. Anazunguka hewani, anatua akiangalia alikotoka, anateremka kinyumenyume. Anataka mkia na pua vimlingane uzito, kwa hiyo anasogea mbele, sentimita 1, 2, wengine mpaka katikati halisi. Skii inazunguka kirahisi kama pia. Gharama yake ni kwamba mbele panabaki pafupi: kwenye theluji ya kina pua inachimba, na mwendo ukiwa mkali anahisi hana kitu cha kuegemea. Ndiyo maana kabla sijagusa kitu nilikuwa namuuliza mteja, mwezi uliopita uliteleza siku ngapi, na wapi? Simuulizi anapenda nini. Wote wanapenda kuruka. Ukiwauliza siku walizoruka kweli, wanaangalia viatu vyao.

Anayekata kona kwa ukingo kwenye njia ngumu, huyo usimsogeze. Kiuno cha skii, yaani pale palipo pembamba, kimechorwa kwa hesabu ya buti kukaa mahali fulani. Ukimpeleka mbele kona itaanza upesi lakini mkia utaponyoka. Ukimrudisha nyuma atalazimika kuisukuma pua kwa nguvu za mapaja. Kwenye mstari, basi.

Kuna mmoja anayesahaulika: mwenye mguu mdogo. Buti fupi likikaa alama kwa alama, ule mto wa unyayo nyuma ya vidole, tunaokanyagia nguvu, unaangukia nyuma kuliko wa mwenye buti refu. Wanawake wengi walikuwa wananilalamikia skii nzito kugeuka, nami nikiwasogeza mbele sentimita 1 wanarudi wakicheka. Duka likiwa na bindingi za kuteleza kwenye reli, zile za kukodisha, mpe ajaribu mbele na nyuma siku nzima kabla hujamtoboa. Ningekuwa na mamlaka ningelifanya hilo sheria.

Skii za masafa, za kwenda tambarare huku kisigino kikiinuka, ni habari nyingine na ni nyepesi. Iweke skii juu ya kidole kimoja mpaka isimame sawa bila kuegemea upande. Hapo panakaa kile kipini cha mbele cha buti.

Haya, matundu ya ukutani. Mteja alileta skii mpya zilizopinda mkia, akataka mbele sentimita 3. Badala ya kuanzia kwenye mstari wa kiwandani, mimi nikaanzia mkiani, na futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Skii ya kwanza futi ikafuata mpindo wa mkia. Ya pili niliivuta ikanyooka hewani. Nikafunga, nikapiga gundi, nikajisifu. Baada ya saa mbili jamaa karudi: mguu wa kushoto unageuka kabla ya wa kulia. Tukazisimamisha soli kwa soli, mkia kwa mkia. Tofauti milimita 8. Ingekuwa sentimita 2 ningetoboa upya. Milimita 8 ndiyo mbaya, maana tundu jipya linakuwa jirani mno na la zamani, skrubu inakosa mbao ya kung'ata. Mimi siendi chini ya sentimita 1. Duka likampa mteja skii nyingine, mimi nikakatwa mshahara na hizi zikawa zangu.

Kwa hiyo: futi ya chuma, iliyonyooka. Bandika tepu ya karatasi juu ya skii, chora mstari wako kwa penseli, halafu zibane skii zote mbili soli kwa soli uone mistari inakutana ubavuni. Hata ya kiwandani iangalie, huwa inapishana kidogo. Kisha weka buti lenyewe la mteja juu yake. Usikubali kuambiwa namba ya buti kwa mdomo.

Kutoboa kwenyewe utaonyeshwa, kuna jigi ya kuongoza drili. Wewe shika mambo mawili. Skii isiyo na bamba la chuma inataka biti ya milimita 3.5, yenye bamba 4.1, kina milimita 9, na ya mtoto 7 tu. Biti iwe na kizuizi, maana ukipitiliza utatokea sakafuni. La pili, tone la gundi kila tundu, lizuie maji yasiingie kwenye mbao. Nguvu ya kuachia buti usiipange wewe mpaka ufundishwe na kupimwa. Ile inatokana na uzito, urefu, umri, urefu wa soli na ukali wa mtelezaji, na ukikosea ni goti la mtu.

Futi yangu ya chuma nimeiweka kwa mama yako, ipitie. Bisibisi usibebe. Skrubu zao zinataka Pozidriv namba 3, nyota ya aina nyingine, na hii nyota ya kwetu inaingia vizuri tu, halafu inakula kichwa.