Somo: kisima cha uani kwenye ardhi ya mawe

Hili ni la wenye visima vya nyumbani, hasa Makunduchi, Jambiani na kwingine Unguja ambako ukichimba kidogo tu unakutana na mawe ya matumbawe.

Kwanza, pima umbali kutoka kisimani hadi chooni na karoni, vya jirani vikiwemo. Kipimo cha kawaida ni mita 30, na kitako cha shimo la choo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kipimo hicho kinafaa penye udongo, maana udongo huchuja taratibu na vijidudu vingi hufia njiani. Matumbawe yana nyufa na mapango, uchafu wa karoni hupita humo kama bombani. Huko mita 30 mimi sizitegemei. Jenga karo lililosakafiwa chini na kuta, linyonywe likijaa. Ni ghali, najua.

Pili, inua mdomo wa kisima, weka mfuniko, sakafia pembeni na toa mfereji. Ndoo ya kutekea iwe moja, itundikwe, isilazwe chini.

Tatu, baada ya mafuriko au matengenezo, tia klorini: gramu 75 za unga wenye klorini asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 zilizomo kisimani. Koroga kwanza ndooni, nje, ukivaa glavu. Mimina, acha usiku kucha, kisha vuta na umwage mpaka harufu iishe.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Karo la jirani liko mita 12 tu. Nitie klorini kila mwezi?

Marahaba. Klorini itaua vilivyomo leo, kesho karo litaleta vingine. Zungumza na jirani, ikishindikana mwende kwa sheha. Kwa sasa chemsha ya kunywa.

– Nina mtoto mchanga. Kuchemsha kunatosha?

Kwa vijidudu, ndiyo. Lakini naitrati, kemikali ya uchafu wa choo inayodhuru watoto wachanga, haitoki, tena maji yakipungua sufuriani inakolea. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita. Yapimwe, na mpaka majibu yatoke maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya kwingine.

– Pampu imeanza kutoa maji ya chumvi. Fundi anasema tuchimbe zaidi.

Mkatalie. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari, ukizidi kushuka unaifuata chumvi. Vuta kidogo kidogo, ukipumzisha kisima.