Kufunga mabomba ya chuma kwenye ethi ya nyumba

Bomba la chuma linalotoka ardhini na kuingia ndani lina volti sifuri, au karibu na hapo. Hita ya kuogea ikivujisha umeme kwenye bodi yake (gamba lake la chuma), na ethi yake (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) imekatika, bodi hiyo inakaa na volti 230. Mtu aliyeloa akishika koki kwa mkono huu na hita kwa mkono ule, yeye ndiye anageuka waya. Tunafunga bomba kwenye ethi ili volti za vyuma viwili vinavyoweza kushikwa kwa pamoja zipande pamoja na kushuka pamoja.

Kwanza angalia kama bomba lenyewe linahitaji. Siku hizi maji mengi yanaingia kwa plastiki, na kipande cha chuma cha mita moja kilichopo kati ya plastiki mbili hakina mshiko na ardhi. Ukikifunga, umekiletea volti za hitilafu ambazo kisingekuwa nazo. Kwa kupima: zima meini swichi, fungua waya wa ethi wa kifaa chochote kinachogusa bomba hilo, kisha weka tesita ya insulesheni (kifaa cha kupima upinzani mkubwa) kati ya bomba na baa ya ethi, yaani kipande cha chuma zinapokutana nyaya za ethi. Ikisoma zaidi ya kiloomu 22, liache. Ukijumlisha kiloomu 1 ya mwili wa mtu, volti 230 zitasukuma miliamperi 10 tu.

Likihitaji, andaa waya wa shaba wa kijani na njano wa milimita 10 za mraba. Kanuni ni nusu ya unene wa waya wa ethi kuu na usipungue 6, lakini 10 inatosha nyumba nyingi. Ongeza klempu ya bomba yenye kibao cha onyo, lagi ya kubana (kichwa cha chuma cha ncha ya waya), msasa na brashi ya waya. Kazi ya ndani ya meini swichi ni ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Klempu inakaa ndani ya sentimita 60 tangu bomba linapoingia nyumbani, upande wa nyumba baada ya mita ya maji, kabla bomba halijagawanyika. Ukiifunga kabla ya mita, siku mita inatolewa nyumba nzima inabaki bila muungano. Sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae mzunguko mzima. Klempu iliyokaa juu ya rangi ni pambo. Kaza, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono: ikicheza, kaza tena. Pitisha waya mmoja bila kiungo mpaka baa ya ethi. Kama bomba ni zaidi ya moja na unatumia waya uleule, usiukate kwenye klempu ya kwanza. Menya ganda, upitishe mzima, uendelee.

Mahali pa unyevu chagua klempu iliyotengenezwa kwa unyevu. Shaba ikigusana na bomba lililopakwa zinki huku pana maji, zinki inaliwa, na baada ya muda unakuta unga mweupe chini ya klempu na muungano umelegea.

Sasa pima mwendelezo, kutoka bomba hadi baa. Mita 10 za waya huo zina takriban omu 0.018, kwa hiyo kipimo kisizidi 0.05. Multimita ya kawaida haiwezi hesabu hiyo, nyaya zake zenyewe zinasoma zaidi. Tumia tesita ya omu ndogo na uondoe kwanza upinzani wa nyaya zake.

Kuna kosa moja linaloua: hakuna ethi rodi (fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini), fundi anaunganisha ethi na nyutro nyuma ya soketi ili "ethi ipatikane". Nyutro ikikatika nje, bodi za vyombo vyote na mabomba uliyoyafunga yanaweza kupata hadi volti 230 kwa mpigo.

Ethi rodi nayo ina mipaka yake. Yenye omu 20 itapitisha amperi zisizozidi 11 au 12 wakati wa hitilafu, na sakiti breka ya amperi 32 haitashtuka kabisa. Hita itaendelea kuchemsha maji huku bodi ina umeme. Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi lazima iwe na RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliamperi 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi michache. Isipokatika, ibadilishwe.

Fundi bomba akikata chuma katikati na kuweka PPR (bomba la plastiki), rudia vipimo vyote viwili kwenye kipande kilichobaki upande wa bafuni. Klempu ya mlangoni haikifikii tena.