Talaka inayopingwa Tanzania Bara: kutoka barazani hadi hukumu

Mwenzako akikataa talaka, au akaikubali lakini akagoma kuhusu watoto na nyumba, jalada lako litabeba mabishano matatu kwa mpigo: kama ndoa imevunjika kweli, watoto wakae na nani, na mali igawanywe vipi. Kila moja lina ushahidi wake. Wengi hufika mahakamani na mashahidi tele wa matusi na vipigo, lakini likija suala la nyumba hawana hata risiti moja ya saruji.

Sheria inayotawala yote haya ni Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, iwe mlifunga ndoa kanisani, msikitini, kimila au kwa mkuu wa wilaya.

Hatua ya 1: Hakikisha muda umefika

Ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa ukionyesha mateso ya kipekee. Tafuta pia cheti cha ndoa mapema. Kama hakipo, andaa aliyefungisha ndoa au watu walioshuhudia.

Hatua ya 2: Pitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na soma hati kabla ya kuondoka

Hapa ndipo mashauri mengi hufia, tena baada ya mwaka mzima wa kusikilizwa. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua maombi ya talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mahakama ya rufaa ikikuta hati ina kasoro, hufuta mwenendo wote na mnaanza upya, hata kama hukumu ilikuwa nzuri kwako.

Ukikabidhiwa hati (Fomu Namba 3), kagua mambo haya papo hapo. Je, inasema wazi kwamba baraza *limeshindwa kuwasuluhisha*? Barua inayosema tu "tunawaleta mahakamani kwa hatua zaidi" haitoshi. Je, pande zote mbili ziliitwa? Je, ina saini, tarehe na mhuri? Hati lazima iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ikipitwa, rudi barazani. Na iwe mkononi siku unayofungua. Kuifuatilia baadaye hakuponyi kasoro.

Baadhi ya mabaraza hujipa madaraka yasiyo yao: hutamka talaka, hata kugawa vyombo na mashamba. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Mgawanyo wa namna hiyo hauifungi mahakama.

Mwenzako akipuuza wito kwa makusudi, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi. Hali kadhalika kama amekutelekeza na hajulikani alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6 tangu maombi yafunguliwe, anatumikia kifungo cha maisha au cha miaka 5 na zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Tunza nakala za wito zenye saini ya aliyezipokea, kwa sababu utatakiwa kuthibitisha msamaha huo wa kutopitia usuluhishi.

Hatua ya 3: Linda nyumba kabla mwenzako hajapata wito

Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kugawa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria hiyo haijitekelezi. Kama nyumba ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama haina, peleka taarifa ya maandishi serikali ya mtaa au kijiji, maana mauziano mengi ya viwanja visivyo na hati hupitia hapo, na baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 4: Andika maombi

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Maombi yataje taarifa za ndoa, majina na umri wa watoto, mashauri yaliyotangulia kama yapo, tuhuma kuu, mapendekezo yako kuhusu matunzo na mali, na nafuu unazoomba. Kuna kipengele ambacho watu hukiruka: kama na wewe ulikosea katika ndoa, kiri humo humo. Ukikaa kimya, mwenzako ndiye atakayelisema, na hakimu ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Orodhesha kila mali kwa jina, mahali ilipo na mwaka ilipopatikana. Mali isiyotajwa ni vigumu kuidai baadaye.

Hatua ya 5: Thibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika

Kosa moja si talaka ya moja kwa moja. Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuonyesha kuvunjika: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, kutengana kwa hiari kwa miaka 3, na mengineyo. Uzinzi huwa na uzito zaidi ukirudiwa, au ukiendelea licha ya kukemewa. Lakini maombi yanayoegemea kosa lako mwenyewe tu kwa kawaida hukataliwa.

Kwa vipigo, leta fomu ya polisi ya matibabu (PF3) na kadi ya hospitali. Kwa ujumbe wa simu, usilete picha ya mistari miwili: leta mazungumzo yote yenye tarehe na namba, pamoja na simu yenyewe, uwe tayari kueleza yalivyohifadhiwa.

Hatua ya 6: Watoto

Kipimo ni ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama, ila dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi. Mtoto anayeweza kutoa maoni yake husikilizwa. Zungumzia shule, makazi na nani humpeleka kliniki. Ubaya wa mwenzako kwako haumfanyi kuwa mzazi mbaya, na hakimu anaijua tofauti hiyo.

Hatua ya 7: Mali

Mgawanyo chini ya kifungu cha 114 huja baada ya talaka au utengano kutamkwa. Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii yenu, kisha huelekea kwenye usawa. *Kuelekea* kwenye usawa si nusu kwa nusu.

Kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanaoitaja husahau mwisho wake: mama huyo hakuongezewa kitu, kwa kuwa fedha alizokwisha kupewa na mume zilihesabiwa kuwa fungu lake. Kwa hiyo andaa hesabu ya ulichotoa na ya ulichokwisha kupokea.

Tengeneza jedwali: mali, mwaka, jina kwenye hati, nani alilipa nini, kielelezo namba ngapi. Mali ya kabla ya ndoa huingia kama iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au kwa juhudi za pamoja. Nyumba yenye jina la shemeji ni ngumu: mwenye jina asiposikilizwa, amri itakayotolewa juu yake itapingwa.

Hatua ya 8: Kusikilizwa na baada ya hapo

Usikose tarehe. Asiyefika husikilizwa mwenzake peke yake. Swali usilomuuliza shahidi wa upande wa pili kuhusu jambo alilosema huchukuliwa kwamba umelikubali, kwa hiyo andika maswali yako mapema.

Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45 za uamuzi. Omba nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) kwa barua siku ile ile inaposomwa. Usiporidhika, hizo ndizo utakazozihitaji kwanza; ukiridhika, utazihitaji kusajili talaka kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).